Fimbo tatu za gofu, miaka 25 jela

Wasee, leo tutoke Nairobi kidogo, twende California. Si ile ya Hollywood. Nataka tuongee ile ya magereza.

Mwaka 1980 jimbo lote lilikuwa na wafungwa chini ya 25,000. Kufika 2006 walikuwa zaidi ya 170,000. Idadi ya wananchi wenyewe haikuongezeka hata mara mbili, so usiniambie ati watu waligeuka wezi ghafla. Kilichobadilika zaidi ni sheria.

Lakini tusidanganyane, hofu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1993 watu zaidi ya 4,000 waliuawa California. Oktoba hiyo, msichana wa miaka 12, Polly Klaas, alitekwa nyara akiwa kwao nyumbani Petaluma, akauawa na mtu aliyekuwa ametoka jela miezi michache tu kabla. Ungekuwa mzazi ungesema nini? Machi 1994 Gavana Pete Wilson akatia sahihi sheria ya makosa matatu, na Novemba wapiga kura wakaikubali kwa asilimia 72 hivi. Jina limetoka kwa besiboli: ukikosa mpira mara tatu, unatoka. Hapa ulikuwa unaingia, miaka 25 hadi maisha.

Shida ni kwamba kosa la tatu halikuhitaji kuwa la kumwaga damu. Gary Ewing aliiba fimbo tatu za gofu, kila moja kama dola 399. Rekodi yake haikuwa safi, alishawahi kuvunja nyumba na kuiba kwa mabavu. Bado, miaka 25 hadi maisha kwa fimbo? Leandro Andrade naye alipata 50 hadi maisha, kwa kanda tisa za video. Manze, kanda za video! Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki vifungo vyote viwili, majaji watano kwa wanne.

Waliopenda sheria hiyo walisema imefanya kazi, kwa sababu mauaji yalishuka. Kweli yalishuka. Ila yalishuka hata New York, ambako wafungwa walianza kupungua karibu mwaka 2000.

California ikabaki na magereza yaliyojengewa watu kama 80,000 yakibeba mara mbili. Watu walilala kwenye kumbi za mazoezi, vitanda vya ghorofa tatu. Jaji mmoja alikuta mfungwa mmoja anakufa bure kila siku sita au saba kwa kukosa matibabu yanayofaa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema punguzeni watu. 2012 wapiga kura wakailegeza sheria yao wenyewe, na 2014 wizi usiozidi dola 950 ukawa kosa dogo. 2020 wafungwa wakashuka chini ya 100,000.

Halafu zikaja klipu, si mliziona? Vijana wanaingia dukani, wanabeba mizigo, wanatoka wakitembea. Mauaji yalipanda 2020, lakini hata hivyo yalikuwa karibu nusu ya yale ya 1993. Nani aliangalia hizo namba? Novemba 2024 wapiga kura wakakaza tena adhabu za wizi na dawa za kulevya, asilimia 68 hivi.

Moja ya hizo klipu niliipost hapa, nikaandika wafungwe wote. Bado iko. Ndiyo post yangu iliyotazamwa kuliko zote.