Sikukuu ya Kuzaliwa Mtoto katika Nyumba za Nakuru

Kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, na kwa miaka mingi baada yake, wenyeji wa Bonde la Ufa la kati hawakuiona tarehe ya kuzaliwa kuwa jambo la kuadhimishwa kila mwaka; kwani Wakalenjin walimtambua mtu kwa rika lake, akiwa Maina, au Chumo, au Sawe, na Wakikuyu waliohamia mashamba ya walowezi waliyaita marika yao kwa matukio ya zama, ikiwa njaa, au maradhi, au kitu kigeni kilichoonekana mwaka ule wa jando. Wala asidhani msomaji kwamba mtoto alipokewa duniani kwa ukimya. Mama wa Kikuyu alipojifungua, vigelegele vitano vilitangaza mwana wa kiume na vitatu vikatangaza binti, majirani wakaja na uji. Na Waislamu wa Bondeni, mtaa wa kale wa mji huu, walimfanyia mtoto akika, wakamnyoa na kuwalisha jamaa. Furaha ilikuwako tele, ila haikufuata kalenda.

Kalenda iliingia kwa milango miwili, jiko la mlowezi na karatasi ya serikali. Mlowezi Delamere alianza shamba lake Njoro mwaka 1903, akaishughulikia ngano licha ya ugonjwa wa kutu ulioiangamiza mara kwa mara, na mwaka 1908 ikaundwa kampuni ya Unga. Mwaka 1925 wafugaji wa Naivasha wakaanzisha ushirika wa maziwa na siagi, ule uliokuja kujulikana nchi nzima kwa jina la KCC. Basi unga na siagi vilipatikana papa hapa bondeni, na aghalabu mikono iliyovigeuza kuwa keki ilikuwa ya mpishi Mwafrika, ambaye jioni alirudi kambini kwa wanawe mwenyewe, watoto ambao siku zao hazikuandikwa katika daftari lolote. Uandikishaji wa vizazi, ulioanza kwa Wazungu mwaka 1904, haukuwa faradhi kwa nchi nzima mpaka mwaka 1971. Ndiyo sababu wazee wetu wengi wana vitambulisho vyenye mwaka wa kukisia, na siku na mwezi vikawekwa tu tarehe 1 Januari.

Na ada yenyewe ya keki na mishumaa haikuwa kongwe hata kwao walioileta. Ilistawi kwa watoto wa Ujerumani katika karne ya 18, ikaenea Uingereza katika karne iliyofuata, hivi kwamba mlowezi wa Rongai au Molo aliyemwashia mwanawe mishumaa alikuwa akifuata desturi ambayo huenda babu wa babu yake hakuijua. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa sisi tuliiga mila ya kale ya watu wengine; tulipokea kitu kichanga, tukakilea kwa namna yetu.

Namna hiyo ilianzia jikoni. Wapishi walichukua maarifa yao makwao. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona na kuoka. Na baada ya uhuru wafanyakazi wa reli, wa viwanda na wa manispaa walilea watoto katika nyumba za Kaloleni, Flamingo na Kivumbini, ambamo hapakuwa na joko. Mama hakushindwa. Alipiga siagi na sukari kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, akavunja mayai, akachekecha unga, akaumimina katika sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya kubwa yenye mchanga, akafunika, kisha akapanga makaa chini na juu ya kifuniko, akikaa karibu na jiko kuyaongeza na kuyapunguza, kwa kuwa makaa ya juu yakizidi, uso wa keki huungua ilhali moyo wake ungali mbichi. Sijapata kuona ustadi wa nyumbani uliostahili heshima kuliko huo, nao haukuandikwa popote.

Wageni hawakupelekewa kadi. Watoto wote wa ploti walijua, wakaja wamepakwa mafuta, wakapewa soda, mandazi na peremende. Mzee aliomba dua. Kisha aliyezaliwa akakata keki na kuwalisha kwa mkono wake wazazi, nyanya, babu na majirani, kila mmoja kipande kidogo, na wakubwa zake wakamvizia kwa ndoo ya maji, wakammwagia. Katika kulishana huko naiona aila ile ile ya zamani iliyokuja na uji: mtoto si wa nyumba moja.

Leo Nakuru ni jiji, tangu Desemba 2021, na wengi huagiza keki iliyopambwa, wengine hukodi ukumbi. Siwalaumu. Lakini bado ziko picha za miaka ya sitini na sabini katika masanduku ya nyumba zetu, mtoto na keki yake ya sufuria, nyuma ya picha pakiwa patupu. Ndugu msomaji, zitoe, ukae na mama au nyanya angali hai, uandike jina, mtaa na mwaka.