Mgeni Mrefu katika Msitu wa Bambuti

1. Neno la kuanza

Katika nchi yetu, watu wengi wakisikia jina Bambuti wanafikiri ufupi kwanza. Hata darasani, mwalimu akisema kwamba somo la leo ni juu ya wakaaji wa zamani wa msitu wa Ituri, hakosi mtoto wa kuweka mkono mbele ya kifua chake ili kuonyesha kipimo, na wenzake wanacheka. Katika kurasa hizi tunataka kugeuza swali. Tusiulize tu: juu ya nini wao ni wafupi? Tuulize hivi: mtu mrefu akiingia katika nchi iliyojengwa kwa kipimo cha watu wafupi, kunapita nini? Historia ya Ituri imeona wageni wa namna hiyo wengi. Namna kila mmoja alivyopita kwenye mlango mdogo inatufundisha mengi juu yake yeye mwenyewe, na mwishowe juu yetu sisi majirani.

2. Majina yaliyotoka katika kipimo

Wageni walipokutana na watu hawa walianza kwa kupima. Neno la Kiswahili mbilikimo, wengi hulieleza kama maneno mawili yaliyounganishwa, mbili na kimo. Wagiriki wa zamani nao walikuwa na neno lililotokana na kipimo cha mkono, tangu kiwiko mpaka ngumi, na kutoka hapo Wafaransa wakapata pygmée. Ona basi: mataifa mawili ya mbali, kila moja na lugha yake, yote yametoa jina kwa kipimo cha mwili.

Wenyewe wana majina mengine. Wanaokaa karibu na Babila wanaitwa Bambuti, wanaokaa na Balese wanaitwa Efe, na upande wa Wamangbetu kuna Asua. Hayo njo majina ya watu. Ni kweli kwamba wanaume wengi wa Efe hawafiki mita 1.50. Lakini mtu hawi mrefu wala mfupi akiwa peke yake. Urefu unaonekana tu pale anaposimama karibu na mwingine, ao mbele ya mlango.

3. Nchi inayopunguza kila kitu

Kabla ya kuwataja wageni, tuangalie kwanza ile nchi yenyewe. Msitu wa Ituri una miti mirefu sana, lakini maisha ya watu na wanyama yanapita chini, kati ya kamba za msitu, mizizi na matawi. Kule chini, mwili mkubwa ni taabu. Tembo wa msitu ni mdogo kuliko tembo wa mbuga. Mbogo wa msitu ni mdogo pia kuliko ndugu yake wa nyasi. Hata twiga ana ndugu huku: okapi, ambaye shingo yake ni fupi na bega lake linafika karibu mita 1.50 tu. Nyama inayowindwa mara nyingi ni mboloko, na mboloko hafiki hata goti la mtu mrefu.

Wataalamu wametafuta sababu za ufupi wa watu wa msitu: joto lenye unyevu, chakula, urahisi wa kutembea chini ya matawi, na namna mwili wa mtoto unavyokua. Imeonekana kwamba watoto wa Efe wanazaliwa tayari wakiwa wadogo. Wataalamu hawajapatana kwa sababu moja, lakini jambo moja liko wazi: ufupi huo si ugonjwa wala upungufu. Ni mwili unaofaa mahali pake.

Na vyombo vya nyumbani vinafuata mwili. Wavu wa kuwinda unaweza kuwa na urefu wa makumi ya mita, lakini kwenda juu hauvuki kifua, sababu nyama yenyewe inakimbia chini. Wanawake wanabeba mzigo katika kitunga mgongoni, na kamba ya kitunga inapita kwenye paji la uso. Hivi mzigo hauzidi kichwa na haushikwi na matawi. Nyumba ni kazi ya wanawake vilevile. Wanachimbia vijiti laini katika duara, wanavikunja na kuvifunga juu, kiisha wanapanga majani ya mongongo kama vigae. Kwa masaa machache nyumba imekwisha. Mlango ni wa chini. Mwenye nyumba anainama kidogo tu na kuingia, lakini mgeni wa mita 1.80 anapaswa kwenda kwa mikono na magoti, na akilala, miguu yake inatafuta njia ya kutoka.

4. Wageni waliokuja na kamba ya kupimia

Mwaka 1870 mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth, Mjerumani, alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu. Kule aliona mambo mawili yaliyomshangaza. La kwanza ni ukumbi wa mfalme, mkubwa na mrefu kwenda juu, wenye kuingiza mamia ya watu. La pili ni Waaka, watu wafupi waliokaa karibu na mfalme. Yaani katika eneo moja Waafrika walijenga nyumba ya juu sana na nyumba ya chini sana, kila moja kwa kazi yake. Schweinfurth aliwachora na kuwapima Waaka. Kiisha akapewa kijana mmoja kwa kubadilishana na mbwa, akamchukua ili ampeleke Ulaya. Yule kijana alikufa njiani, Berber katika Sudani, mwaka 1871. Tunataja hili ili tuone kwamba tangu mwanzo kupima na kuchukua vilitembea pamoja.

Miaka 17 nyuma ya pale akaja Stanley. Tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, na watu karibu 390, wengi wao wakiwa watu wa Zanzibar, ili kumfikia Emin Pasha. Jambo la kuchekesha ni kwamba Stanley hakuwa mrefu kwao. Kati ya Waingereza alikuwa mtu mfupi. Ituri njo ilimfanya kuwa mrefu.

Na msafara wake wote ulikuwa mrefu kupita njia. Wapagazi walibeba masanduku kichwani, kama walivyozoea kwenye njia za kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji. Kwenye nyasi mtindo ule ni mzuri. Katika msitu, kila sanduku lilikutana na kamba na matawi. Stanley alitanguliza kundi la watu wenye mapanga na mashoka ili wafungue njia. Walibeba pia chombo cha chuma cha kuvukia mito, kilichokatwa vipande. Njia ambayo mwanamke wa Kimbuti anapita na kitunga chake bila kukata jani, msafara uliifungua kwa chuma, na kwa nguvu ya watu wenye njaa. Walitembea zaidi ya miezi mitano, na wengi wakafa kwa njaa, vidonda na mishale. Njiani walikuta vijiti vyenye ncha vilivyofichwa chini ya majani, ili kuchoma miguu ya mpitaji asiyealikwa. Hiyo njo ilikuwa jibu la nchi kwa mgeni asiyetaka kuinama.

Tuseme pia ukweli juu ya lugha yetu. Wakati ule katika msitu mlikuwa tayari na wafanyabiashara wa pembe, kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa, ambao Stanley aliwakuta wamejenga kambi. Kiswahili kilipanda Ituri pamoja na msafara wa namna hiyo, na bunduki zake. Kwa hiyo sisi tunaoandika Kiswahili leo, nasi ni wageni wenye kuingia kwa mlango ule.

5. Safari ya kinyume

Mwaka 1905 Mwingereza James Harrison aliwachukua watu sita wa Ituri, wanaume wanne na wanawake wawili, akawapeleka London. Sasa ni watu wafupi walioingia katika nchi iliyojengwa kwa watu warefu. Walionyeshwa katika jumba la michezo liitwalo Hippodrome, kisha katika miji mingine, mpaka waliporudi mwaka 1907. Tupime mizani hapa. Mtu mrefu akisafiri kwenda kwa wafupi, anaandika kitabu na kuitwa mpelelezi shujaa. Mtu mfupi akisafiri kwenda kwa warefu, anapandishwa jukwaani ili atazamwe. Safari ni moja, lakini heshima si moja. Tofauti haikutoka katika sentimita. Ilitoka katika nani alikuwa na nguvu.

6. Wageni walioinama

Hata hivyo walikuja wengine waliotaka kujifunza. Padri Paul Schebesta alifika Ituri mwaka 1929, akarudi mara kadhaa mpaka miaka ya 1950. Naye alipima watu, lakini hakukomea pale. Alikaa katika kambi zao na kuandika lugha, dini na desturi zao. Mwamerika Patrick Putnam alijenga makao Epulu katika miaka ya 1930 akabaki huko mpaka kifo chake mwaka 1953. Kutoka Epulu, Mwingereza Colin Turnbull aliingia msituni pamoja na Bambuti katika miaka ya 1950, na mwaka 1961 alitoa kitabu kilichojulikana sana.

Wataalamu wengine wamemkosoa Turnbull kwamba alipamba maisha ya msituni kupita kiasi, na kwamba aliwaonea wanakijiji. Masomo hayo ni ya haki. Lakini jambo moja alilielewa: katika kijiji cha barabarani Mmbuti anaonekana mdogo, mnyenyekevu, mwenye kuomba, ndani ya msitu mtu yuleyule ni mwenye nyumba. Kule mgeni mrefu njo anakuwa mtoto. Hatua zake ni nzito, zinafukuza nyama. Hajui mto uko wapi wala asali iko mti gani. Wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Bambuti hawaombi mgeni avunje kitu. Wanaomba ainame tu.

7. Nyumba ya barabarani

Jambo hili si la makumbusho. Mwisho wa utawala wa Wabelgiji walijaribu kuwatoa Bambuti msituni ili walime mashamba kandokando ya barabara, na katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliendelea na mpango kama huo kwa jina la maendeleo. Nia ilisemwa kuwa njema: wawe raia kama wengine. Lakini hakuna aliyeuliza nani anapaswa kuinama. Wale waliohamishwa walipata jua kali, magonjwa, na kazi katika mashamba ya wengine.

Kisha ikaja vita. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, katika teritware ya Mambasa, askari wa operesheni iliyoitwa Effacer le tableau waliwatendea wakaaji maovu makubwa, na Bambuti walikuwa kati ya walioumizwa sana. Leo wakata mbao na wachimba dhahabu wanafungua msitu kama msafara wa Stanley ulivyofungua, ila sasa kwa mashine. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za watu hawa, pamoja na haki zao juu ya ardhi, ni hatua kubwa. Lakini sheria haitoshi kama katika vijiji vyetu mtu bado anasema "Mmbuti wangu", kama vile anasema mbuzi wangu.

8. Mwisho

Wazee wa vijiji vya Ituri wanajua kwamba kijana wao na kijana wa Kimbuti waliingia pamoja katika nkumbi, shule ya tohara. Walilala sehemu moja, wakachapwa fimbo moja. Pale hakuna aliyepima nani mrefu. Desturi hiyo inatuonyesha kwamba ujirani wa heshima si jambo la kubuni leo. Babu zetu waliujua, hata kama hawakuufuata kila siku.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha somo hili aanze na nyumba, asianze na sentimita. Awaeleze wanafunzi namna ile nyumba ya majani inavyojengwa, nani anaijenga, na kwa nini mlango wake uko chini. Kiisha awaulize: wewe ukifika pale, utaingiaje? Mtoto atakayejibu kwamba atainama, huyo amesikia historia ya Ituri.