IRELAND: Aliuawa na bwana yake kwa kudhaniwa jini

Tarehe 15 mwezi wa tatu 1895, kijijini Ballyvadlea, Ireland, mshonaji wa nguo Bridget Cleary aliuawa kwa moto na bwana yake, Michael. Wazee wa kule walisimulia kwamba majini wa vilimani huiba mtu, wakaacha jini la kufanana naye. Bridget alikuwa mgonjwa tu, lakini Michael alidai huyo si mke wake. Daktari na padri walifika kumwona. Hata hivyo, jamaa walimshikilia na kumnywesha dawa za majani kwa nguvu. Maiti yake ilikutwa tarehe 22, imefukiwa shimoni. Michael alihukumiwa kifungo cha miaka 20, akafunguliwa 1910. Usiku ule baba ya Bridget na jamaa wengine walikuwa nyumbani, hakuna aliyemwokoa.