Kujijengea kiini cha Linux, umeme ukikatika-katika

Kiini ndicho kinaongoza prosesa, memori na vyombo vyote vya ordinatere. Hapa Kisangani, mwenye masini ya zamani anaweza kujijengea kiini chepesi. «make localmodconfig» inaondoa dreva ambazo hazitumiki saa ile. Basi chomeka kwanza modemu na printa, la sivyo utabaki bila intaneti!

Kisha «make»: masaa mengi. Umeme ukikatika, usilie. Ukirudi, andika «make» tena. Kwa kawaida inaendelea pale ilifikia.

Hatari iko wakati wa kuweka: «sudo make modules_install», halafu «sudo make install». Hapo bateri iwe imejaa. Kiini cha zamani usikifute: kipya kikikataa kuwaka, utachagua kile kwenye menyu ya GRUB.