Debe, Mtungi na Petroli

Disemba iliyopita nilitumwa petroli. Nyumbani kwetu Kathiani kuna pampu ya kumwagilia sukuma wiki, na tangi yake ikikauka, mimi ndiye napanda nduthi hadi Machakos mjini. Nilibeba mtungi wa njano wa lita 20, ule wa mafuta ya kupikia ambao sasa umejaa kila boma. Kijana wa pampu akautazama, akatikisa kichwa.

"Huo siwekei, bro. Leta mkebe wa petroli."

Nilikasirika, bana. Nikarudi na mtungi mtupu na vumbi la barabara yote.

Susu alicheka hadi akafuta macho. "Si ule wa babangu uko stoo?"

Ulikuwa chini ya magunia ya mbaazi: mkebe wa chuma, rangi ya kijani, alama kubwa ya X ubavuni, mishikio mitatu juu, na chapa ya WD 1944. Kwetu husemwa kwamba babake susu alirudi nao kutoka Burma, alikopigana na King's African Rifles kama Wakamba wengi wa rika lake. Mimi siamini. Nani anapanda meli kutoka Burma na mkebe mtupu? Pengine aliununua jeshi lilipouza vitu vyake baada ya vita.

WD ni chapa ya jeshi la Uingereza, lakini umbo ni la Mjerumani. Wajerumani waliubuni mwaka 1937, na kila kitu ndani yake kina sababu. Mishikio mitatu ni ili watu wawili wabebe mkebe mmoja uliojaa, au mtu mmoja abebe mitupu miwili kwa kila mkono. Ile X huacha bati lijivute joto likipanda. Kifuniko hufungwa kwa wenzo, na kuna njia ya hewa ili petroli imiminike bila kurukaruka.

Waingereza wakati huo walikuwa wakibeba petroli jangwani Afrika Kaskazini kwa madebe ya bati jembamba, ya galoni 4. Yalivuja vibaya sana. Jenerali Auchinleck alikadiria kwamba asilimia 30 ya petroli ilipotea kabla ya kufika kwenye magari. Wakawa wanaiteka mikebe ya adui kwa furaha, kisha wakaiga. Mjerumani kwao alikuwa "Jerry", na ndipo jerikeni ikapata jina.

Debe tunalijua. Lilifika Afrika Mashariki likiwa na mafuta ya taa. Lilipoisha, watu waliliosha wakachotea maji, wakapimia mahindi, wakalikunjua wakaezekea nyumba, kama kule Pumwani, Nairobi. Hata makanga wa matatu hadi leo wanapiga debe. Chombo cha mafuta kikawa cha chakula.

Sisi tumegeuza safari. Mtungi wa njano ulikuja na mafuta ya kupikia, ukawa wa maji, sasa tunautia petroli. Na petroli si mafuta ya taa. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unatambaa sakafuni kimyakimya ukitafuta jiko. Kifuniko cha mtungi wa kupikia hakikutengenezwa kuuzuia. Juani, mtungi unafura kama chura.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbia na mitungi, na zaidi ya 100 wakafa. Wengi husema ilikuwa tamaa. Mimi naona pia kwamba vyombo vilikuwa tayari mkononi, vilevile vya maji.

Kwetu pia. Mwaka juzi mtoto wa shangazi, miaka 6, alichota kikombe kutoka mtungi uliokuwa mlangoni pa jikoni. Harufu ikamshtua, akamwaga chini. Jiko lilikuwa limezimwa. Hakuna aliyeliongelea tena, na mtungi ukabaki palepale.

Nilifungua mkebe wa WD. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka ukapasuka, na ndani kutu ilikuwa inabanduka. Nikaurudisha chini ya mbaazi. Nikanunua mwekundu wa plastiki nzito, uliotengenezewa petroli. Kijana yuleyule akaniambia niushushe kwenye nduthi, niuweke chini kabla hajaanza kujaza, sababu ya umeme tuli. Akaacha nafasi juu, petroli ipate pa kutanukia.

Susu ameupa kona yake stoo, mbali na jikoni. Ule wa njano umerudi kwa foleni ya maji, baada ya kusuguliwa mara tatu, na bado susu anaunusa kila asubuhi.