Kila Koloni na Mahari Yake: Tarehe ya Muungano wa Kanada

Tarehe 1 Septemba 1864 meli ya moshi iitwayo Queen Victoria ilitia nanga Charlottetown, mji mkuu wa Kisiwa cha Prince Edward, ikiwa imebeba mawaziri wanane wa Koloni la Kanada. Gatini hapakuwa na wa kuwapokea. Siku hizo kulikuwa na sarakasi mjini, ya kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyumba za wageni zilikuwa zimejaa pomoni. Mwishowe William Henry Pope, mmoja wa mawaziri wa kisiwa, akaingia kwenye mashua ndogo ya makasia akawafuata huko huko melini. Wengi wao walilala humo humo. Hivyo ndivyo yalivyoanza mazungumzo yaliyozaa nchi ambayo leo ni ya pili kwa ukubwa duniani.

Tena shughuli yenyewe haikuwa yao. Makoloni matatu ya pwani, yaani Nova Scotia, New Brunswick na kisiwa hicho, yalikutana kujadili kuungana yenyewe kwa yenyewe. Wakanada waliomba ruhusa ya kuja, wakaja na posa yao. Kwao mambo yalikuwa yamekwama. Tangu mwaka 1841 upande wa Waingereza na upande wa Wafaransa ulikuwa umefungwa katika bunge moja lenye viti sawa kwa sawa, na serikali zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine. George Brown na John A. Macdonald, mahasimu wa miaka mingi, walikubali Juni mwaka huo kukaa katika baraza moja la mawaziri ili watafute njia. Njia yenyewe ilikuwa hii: kila upande uwe na nyumba yake ya mambo ya nyumbani, na yale makubwa yaamuliwe pamoja. George-Étienne Cartier aliitaka njia hiyo kwa sababu Wafaransa wake wangebaki na lugha yao, dini yao na sheria zao. Hofu nayo ilisukuma. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na watu walijiuliza jeshi la Kaskazini litageukia wapi vita vikiisha.

Oktoba wakakutana tena Quebec, wakatoka na maazimio 72.

Kuyapitisha kwa wananchi ndiko kulikokuwa kugumu. New Brunswick ilimwangusha waziri mkuu wake, Leonard Tilley, aliyeutaka muungano, katika uchaguzi wa 1865, ikamrudisha mwaka uliofuata baada ya wapiganaji wa Kiayalandi kutoka Marekani kujikusanya mpakani. Nova Scotia haikuulizwa kabisa. Waziri mkuu wake, Charles Tupper, alilipitisha jambo bungeni bila kwenda kwa wapiga kura. Sheria ya Bunge la Uingereza ilianza kazi tarehe 1 Julai 1867 kwa majimbo manne: Ontario na Quebec, zile pande mbili za Koloni la Kanada, pamoja na Nova Scotia na New Brunswick. Septemba hiyo hiyo watu wa Nova Scotia walipata nafasi yao ya kusema. Kati ya viti 19 vya bunge la shirikisho, 18 walivipa wapinzani wa muungano. Siwalaumu. Aliyeozeshwa bila kuulizwa ana haki ya kupiga kelele siku ya harusi. Kiongozi wao, Joseph Howe, alikwenda London kuomba waachiwe, akarudi mikono mitupu, akakubali fedha zaidi kwa jimbo lake.

Nchi za magharibi zilinunuliwa. Kampuni ya Hudson's Bay iliachia eneo lake kubwa kwa pauni 300,000, na waliokuwa wakiishi humo hawakuambiwa neno. Tarehe 11 Oktoba 1869, karibu na Mto Red, wapima ardhi walikuwa wakivuta mnyororo wao kwenye shamba la majani la Mmétis mmoja, chotara wa Kifaransa na wenyeji. Wanaume wachache wakaja, miongoni mwao Louis Riel, kijana wa miaka 24, wakaukanyaga mnyororo ule. Kazi ikasimama. Riel akaunda serikali ya muda, akatuma wajumbe Ottawa, na Manitoba ikaingia tarehe 15 Julai 1870 ikiwa jimbo kamili. Riel mwenyewe alinyongwa mwaka 1885, baada ya upinzani wa pili. Nchi ilimnyonga mtu aliyeiletea jimbo lake la tano.

British Columbia, koloni la pwani ya magharibi, iliingia 1871 kwa ahadi ya reli ndani ya miaka kumi. Reli ilikamilika Novemba 1885, kwa jasho la Wachina wapatao 15,000. Mwaka huo huo serikali iliwatoza Wachina wanaoingia nchini kodi ya kichwa ya dola 50.

Kisiwa kilichokuwa mwenyeji wa posa kilikataa kuolewa hadi 1873. Kilianza kujenga reli yake, na kwa kuwa mkandarasi alilipwa kwa maili, njia ilipindapinda kila mahali na gharama zikapanda. Kanada ilibeba deni lile, ikaongeza dola 800,000 za kuwanunua makabaila wa Uingereza walioshikilia mashamba ya wakulima. Hiyo ndiyo ilikuwa mahari.

Newfoundland, koloni jingine la mashariki, ilichukua muda mrefu kuliko wote. Wapiga kura waliukataa muungano mwaka 1869. Madeni yakaifanya ipoteze serikali yake mwaka 1934. Na Julai 1948, katika kura ya pili ya maoni, asilimia 52 wakakubali. Iliingia tarehe 31 Machi 1949, muda mfupi kabla ya saa sita ya usiku.

Kujitawala nako kulikuja kidogo kidogo. Mwaka 1914 mfalme wa Uingereza alipotangaza vita, Kanada ilikuwa vitani bila kuulizwa. Baada ya Sheria ya Westminster ya 1931, iliyoipa mamlaka ya kujiamulia mambo yake, ilitangaza vita yenyewe, Septemba 1939, wiki moja baada ya Uingereza. Hata hivyo katiba iliendelea kurekebishwa London hadi tarehe 17 Aprili 1982, Malkia Elizabeth alipoitia sahihi hati ya katiba mpya nje ya Bunge, Ottawa. Katiba hiyo ilitambua haki za wenyeji wa asili, ambao mwaka 1864 hawakuwa na kiti Charlottetown wala Quebec. Siku hiyo mvua ilinyesha. Hati imehifadhiwa, na madoa ya matone bado yanaonekana kwenye wino.