Kifaa cha Zamani Ambacho Hakuna Aliyekitazama

Ndugu vijana, kila tunapoandaa safari ya vikundi vyetu, swali moja hurudi: kwa nini sanduku la safari bado lina ramani ya karatasi iliyokunjwa na GPS ya mkononi ya zamani, yenye kioo kidogo kisicho na rangi, ilhali kila mmoja wetu ana simu? Anayeuliza huuliza akicheka, wala hatumlaumu. Jibu letu limezoea kuwa fupi: betri huisha, mtandao hukatika. Ni jibu la kweli, lakini ni jepesi mno. Tumeona vema kulitafutia historia yake, na historia hiyo inatupeleka mbali na kwetu, katika bahari ya Atlantiki, mwezi wa Juni 1995.

Tarehe 9 Juni mwaka huo, saa sita mchana, meli ya abiria iitwayo Royal Majesty iling'oa nanga katika bandari ya St. George's, visiwani Bermuda, ikielekea Boston nchini Marekani. Ndani yake walikuwamo watu 1,509. Chumba chake cha usukani kilikuwa na vifaa ambavyo manahodha wengi wa wakati ule wangevitamani, na kati ya hivyo GPS ndiyo iliyoaminiwa kuliko vyote.

Tukumbuke kwamba GPS haikubuniwa kwa ajili ya wasafiri. Ni mtambo wa jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu wote 269 waliokuwamo walifariki. Siku chache baadaye serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba mtambo huo, utakapokamilika, utatumiwa na raia pia. Hata hivyo, ishara waliyopewa raia ilipunguzwa usahihi kwa makusudi hadi Mei 2000. Royal Majesty basi ilisafiri katika miaka ya mwanzo ya kifaa hicho, watu walipokuwa bado wanakistaajabia. Na mtu hakichunguzi sana kitu anachokistaajabia.

Meli ilikuwa haijamaliza saa moja baharini wakati waya uliounganisha GPS na antena yake ulipochomoka. Kifaa kilitoa mlio mfupi, lakini hakikuzimika. Kilikuwa kimeundwa hivi: kikikosa setilaiti, kiendelee kukadiria mahali meli ilipo kwa kutumia mwendo wake na mwelekeo wa dira. Makadirio hayo hayakuhesabu upepo wala mkondo wa maji. Kioo kiliendelea kuonyesha tarakimu za latitudo na longitudo kama kawaida, na pembeni zilitokea herufi chache ndogo za kuonya kwamba tarakimu hizo ni za kukisia. Maafisa waliopokezana zamu hawakuzitambua. Usukani wa kujiendesha nao ulipokea tarakimu hizo hizo na kuzitii.

Kosa la namna hii halionekani katika saa ya kwanza. Mashua isukumwayo pembeni kidogo kidogo haimshtui aliyelala ndani yake. Lakini safari ilidumu kwa saa 34 hivi, na mwisho wake meli ilikuwa imetoka nje ya njia yake kwa maili 17 za baharini, yaani kilomita 31 hivi.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji akae nasi kidogo. Katika chumba kile kile cha usukani kulikuwa na kifaa kingine, cha zamani zaidi, kiitwacho Loran-C. Hicho hakikutegemea setilaiti. Kilisikiliza mawimbi ya redio kutoka minara iliyojengwa nchi kavu, kwa ufundi uliozaliwa wakati wa vita vikuu vya pili. Kiliwekwa pale kiwe msaada pindi GPS ikikosea, nacho safari nzima kilikuwa kizima. Kama afisa mmoja angegeuza macho na kulinganisha tarakimu za vifaa hivyo viwili, angeona kwamba havipatani. Tume ya Marekani iliyochunguza ajali hiyo ilisema wazi kwamba maafisa hawakufanya ulinganisho huo. Walikuwa na kifaa cha akiba, nao hawakukiuliza neno.

Walikuwa na ramani ya karatasi pia. Kila saa afisa wa zamu alitia alama ya penseli juu yake, na alama hizo zilifuatana kwa unyofu wa kupendeza. Lakini alizitoa wapi? Alizinakili kutoka GPS. Kwa hiyo karatasi haikuwa shahidi wa pili. Ilirudia maneno ya shahidi wa kwanza kwa mwandiko mzuri zaidi. Sisi tunaliona jambo hili kuwa kiini cha habari yote. Sheria ya kale ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike, na kila hakimu anajua kwamba wawili waliosikia habari kutoka kinywa kimoja huhesabiwa kuwa mmoja.

Jioni ya tarehe 10 ishara zilizidi kuongezeka. Afisa mkuu alitazamia kuona kwenye rada boya la kwanza la njia ya kuingilia Boston. Akaona kitu mahali alipokitarajia, akaridhika. Lilikuwa boya jingine, lililowekwa kuonyesha mahali palipozama chombo. Aliyempokea zamu hakuliona boya la pili, lakini nahodha alipouliza alijibu kwamba limeonekana, kwa maana tarakimu zilisema kwamba limepitwa. Wavuvi waliokuwa karibu walijaribu kuiita meli kwa redio. Waangalizi waliripoti taa zisizotarajiwa, kisha maji yaliyobadilika rangi mbele ya chombo. Kengele ya mtambo wa kupimia kina cha maji, ambayo ingeweza kulia mapema, ilikuwa imewekwa kwenye sifuri. Saa nne na dakika 25 usiku meli ilipanda fungu la mchanga, maili kumi hivi mashariki ya kisiwa cha Nantucket. Hakuna aliyekufa wala kuumia, na siku iliyofuata ilinasuliwa kwa matishari. Bahari haikuwa kali mno usiku ule. Ingekuwa vingine, tungesimulia habari nyingine.

Yule afisa wa boya la pili hatumhukumu kwa haraka. Ni nani kati yetu ambaye hajapita kijiji bila kukiona, kisha akasema tumekipita, kwa sababu tu simu imesema hivyo?

Mabaharia wa dunia wamekuwa wakijifunza na kusahau zamu kwa zamu. Chuo cha jeshi la majini cha Marekani, kule Annapolis, kiliacha kufundisha kwa kina kutafuta njia kwa nyota mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha mwaka 2015 kikarudisha somo hilo, kwa hofu kwamba ishara za setilaiti zinaweza kuzuiwa na adui. Mwaka 2010 Marekani ilizima minara ya Loran-C, ile ile ambayo ingeiokoa Royal Majesty. Na Aprili 2024 shirika la ndege la Finnair lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari zake za Tartu, nchini Estonia, kwa sababu ishara za GPS zilikuwa zikivurugwa, na kiwanja kile hakikuwa na njia nyingine ya kuiongoza ndege kutua iliyoitosheleza kampuni hiyo. Minara ya zamani tunaibomoa kwanza. Kuikumbuka kunakuja baadaye.

Kwetu Kongo ramani nayo ina ugonjwa wake. Mto wetu ulichorwa na wengi, akiwamo mmisionari Mbaptisti George Grenfell, aliyeupima pamoja na matawi yake kwa meli ndogo ya Peace kuanzia mwaka 1884. Lakini mchanga wa mto huhama, na mkondo uliokuwa salama mwaka jana waweza kuwa kisiwa leo. Karatasi zilizochapwa kabla ya 1966 zitakupeleka Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville. Nayo iliyochapwa kabla ya Januari 2002 itakuonyesha Goma ambayo haipo tena, maana lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kulibomoa kanisa kuu. Ramani ya zamani bila penseli ya kuisahihisha ni hatari kama simu isiyo na moto.

Turudi basi kwenye sanduku letu, maana imani iliyowekwa mahali pasipostahili ni hatari katika safari. Wengi wanadhani GPS ya simu hufa mtandao unapokatika. Sivyo: simu huendelea kusikia setilaiti, ila picha ya ramani ndiyo isiyopatikana kama hukuipakua kabla ya kuondoka. Wengine wanadhani GPS ya zamani ni kinga dhidi ya kila kitu. Hiyo pia sivyo. Inakufaa simu inapolowa au kuishiwa moto, na betri zake zinanunuliwa sokoni. Lakini inasikiliza mbingu ile ile, na ishara za huko juu zikivurugwa vifaa vyote viwili vitapotea pamoja. Tena, iliyokaa kabatini miezi mingi huhitaji kuachwa wazi chini ya anga, pengine dakika 12 na zaidi, ikusanye upya habari za setilaiti. Msishtuke ikionyesha tarehe ya miaka 20 iliyopita. Mtambo huo huhesabu majuma hadi 1,024 kisha huanza tena kwenye sifuri. Ulifanya hivyo Agosti 1999 na Aprili 2019, na vifaa vingi vya zamani havikuelewa. Kwa kawaida mahali hubaki sahihi ingawa tarehe imepotoka, lakini hilo lithibitisheni nyumbani, kabla ya safari.

Shahidi aliye tofauti kweli ni karatasi inayosomwa kwa macho: kilima kile, daraja lile, mto ulio upande wa kushoto, na mama wa sokoni anayejua jina la kijiji. Kwa hiyo katika safari ijayo tutagawana kazi. Kikundi kimoja kitashika simu na GPS, kingine ramani na dira. Kila saa vitaandika tulipo, kila kimoja kwenye kipande chake cha karatasi, bila kuchunguliana, ndipo tutavifungua pamoja kando ya barabara. Visipopatana, gari halitaondoka mpaka tujue ni kipi kilichokosea.